Uyoga ni Chakula Chema, Lakini Damu Isiyo ya Kawaida Ipelekwe Hospitali

Ndugu mkulima, nawe mama mwenye shamba, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja barazani, nalo ni afya ya uzazi ya wanawake wetu. Pengine utauliza, jambo hili lahusu nini gazeti la wakulima? Lahusu sana. Shamba la skimu haliendi bila mama. Yeye ndiye apandaye na kupalilia, ndiye akamaye alfajiri, ndiye ajuaye ni debe ngapi za mahindi zimebaki ghalani. Mama akilala kwa ugonjwa, shamba nalo limelala.

Sababu ya kuandika habari hii ni uyoga. Ukipita leo katika mji wa Kitengela, au Isinya, au Kajiado penyewe siku ya soko, utaona wauzaji wa dawa za mitishamba, na miongoni mwa vichupa na vipakiti vyao mna unga wa uyoga, vidonge vya uyoga, hata kahawa iliyotiwa uyoga. Mama huambiwa kwamba dawa hiyo huyeyusha uvimbe wa kizazi, hukata damu ya mwezi iliyozidi, husafisha tumbo la uzazi, hufungua mimba kwa asiyezaa, na huponya hata kansa ya mlango wa kizazi. Wengine huuziwa dukani, wengine kwa simu, na wengine huuziwa na jirani aliyefanywa wakala.

Maoni yetu twayasema mapema ili usiyatafute. Uyoga unaolika ni chakula chema, na maarifa ya wazee juu ya uyoga ni mali isiyofaa kupotea. Lakini mwanamke anayetoka damu isiyo ya kawaida, au mwenye maumivu au uvimbe tumboni, sharti apimwe kwanza hospitalini. Unga wa uyoga usitangulie, wala usichukue mahali pa daktari.

UYOGA NA DESTURI ZETU

Watu wa Kenya hawakuanza jana kuujua uyoga. Wakikuyu huuita makunu, Waluo obuolo, Waluhya obwoba. Mvua ikianza, watoto hukimbilia kwenye vichuguu kuutafuta ule uyoga mweupe wenye mzizi mrefu. Uyoga huo haumei hapo kwa bahati. Mchwa wenyewe ndio wakulima wake. Hubeba majani makavu na vipande vya kuni hadi ndani ya kichuguu, hupanda uyoga juu yake, nao huwasaidia kupata chakula katika majani hayo magumu. Wataalamu huuita Termitomyces, na jina hilo alilitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942.

Wamasai, wenye nyanda za Kajiado tangu zamani, hawakuwa watu wa uyoga. Mwaka 2012, mtaalamu Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika habari za watu wanaokaa kando ya Serengeti na Ngorongoro, akaonyesha kwamba Wakurya wana desturi kubwa ya kutumia uyoga kwa chakula na dawa, lakini Wamasai huuepuka. Dawa za Mmasai ni za miti. Huchemsha olkiloriti katika supu, hutafuna gome la osokonoi akiwa na kikohozi, na mama mjamzito hutunzwa na mkunga wa jadi, enkaitoyoni, mwenye maarifa aliyopewa na waliomtangulia.

Basi uyoga wa dawa umefikaje Kitengela? Umefika pamoja na watu, na pamoja na biashara. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, ardhi ikawa ya mtu mmoja mmoja, na watu wa kila kabila wakanunua viwanja na kujenga. Kila mmoja alikuja na dawa ya kwao. Baadaye ukaja uyoga wa kutoka Asia, hasa ule mgumu kama ubao unaomea kwenye visiki, ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi. Huu umetumiwa huko kwa karne nyingi. Hivyo mama akiambiwa leo kwamba vidonge hivyo ni "dawa ya mababu zetu," na ajue kwamba ni dawa ya mababu wa watu wengine, imetiwa katika chupa na kusafirishwa kwa meli. Hilo halitoshi kuifanya mbaya, lakini yafaa ukweli usemwe.

Waafrika wengine nao walitumia uyoga kwa maradhi ya wanawake. Mwaka 1977 mtaalamu B. A. Oso wa Nigeria aliandika jinsi Wayoruba walivyoutumia katika uganga wao, pamoja na uyoga wa duara, ule unaopasuka na kutoa vumbi, uliotumiwa kwa mwanamke asiyepata mimba. Basi hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni upuuzi uliozuliwa na wachuuzi. Ni jambo la kale. Lakini ukale wa dawa ni jambo moja, na kuponya kwake ni jambo jingine.

KUVU ILIYOKUWA DAWA KWELI

Yuko ndugu mmoja wa uyoga ambaye kweli ameokoa wanawake wengi, na habari yake ina mafundisho makubwa kwa mkulima.

Huko Ulaya hulimwa nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano. Mwaka wa mvua nyingi, masuke ya rai huingiwa na kuvu inayotoa punje nyeusi, ndefu kama pembe ndogo. Wakunga wa Ulaya waliona zamani kwamba mama mwenye uchungu akipewa unga wa punje hizo, tumbo la uzazi hukaza kwa nguvu. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa jimbo la New York, Marekani, aliandika kuusifu unga huo kwa kuharakisha uzazi, na madaktari wengi wakaanza kuutumia.

Je, matokeo yalikuwaje? Watoto walizaliwa wamekufa, na matumbo ya uzazi yakapasuka. Hakuna aliyejua kipimo sawasawa, kwa sababu punje za shamba hili zilikuwa kali na za shamba lile dhaifu. Ilipofika mwaka 1824, daktari David Hosack wa New York alionya kwamba unga ulioitwa wa kuzalisha ulifaa kuitwa unga wa kuua, akashauri usitumiwe kuharakisha uzazi, ila kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Tena kuvu hiyo hiyo, ikisagwa pamoja na nafaka, iliua watu wengi Ulaya kwa kuozesha vidole na miguu. Hata karibu nasi, huko Wollo nchini Ethiopia, watu walipatwa na maradhi hayo miaka ya 1977 na 1978 kwa kula nafaka iliyochafuliwa.

Mwaka 1935 wataalamu wa London walitoa ndani ya kuvu hiyo kitu kimoja safi, wakakiita ergometrini. Sasa kipimo kilijulikana, kikatiwa katika sindano, na sindano hiyo imezuia damu kwa akina mama waliojifungua duniani kote. Hata hivyo ina masharti. Hawekewi mama mwenye shinikizo la damu, nayo yataka kuhifadhiwa mahali pa baridi. Leo hospitali nyingi hutanguliza sindano nyingine iitwayo oksitosini.

Angalia mafundisho yake, ndugu msomaji. Wakunga wale wa zamani hawakuwa wajinga, waliona sawa. Lakini kati ya kuona kwao na dawa isiyodhuru palikuwa na kupima, tena kupima, hadi kipimo na madhara yakajulikana. Dawa ikiwa na nguvu ya kuponya, ina nguvu ya kudhuru pia. Anayekuambia kwamba unga wake una nguvu ya kuyeyusha uvimbe lakini hauwezi kumdhuru mtu hata kidogo, mmoja katika maneno yake mawili si kweli.

UYOGA WA SIKU HIZI UMEPIMWAJE?

Hatutaki kuwadhulumu wauza uyoga, kwa hiyo na tuseme yaliyopatikana. Mwaka 2022 wataalamu wa Houston, Marekani, walitangaza jaribio lao la dawa iliyotengenezwa kwa uyoga aina ya shiitake. Waliwapa wanawake wenye virusi vya HPV, ambavyo ndivyo viletavyo kansa ya mlango wa kizazi. Baada ya miezi 6, wanawake 14 kati ya 22 waliokunywa dawa hiyo hawakuonekana tena na virusi, na katika wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ni 2 kati ya 19. Hii ni habari ya kutia moyo. Lakini hesabu watu wale. Hawazidi 41. Tena walikuwa na virusi tu, wala hawakuwa wagonjwa wa kansa, na wote walikuwa wakipimwa na madaktari muda wote.

Kuhusu ule uyoga mgumu wa lingzhi, wataalamu wa shirika la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kuchuja majaribio ya dawa, waliutazama mwaka 2012 na tena mwaka 2016. Walisema hapana ushahidi wa kutosha wa kuutumia kuwa dawa ya kwanza ya kansa. Labda waweza kuandamana na matibabu ya hospitali, lakini si kuyaondoa. Tena wako wagonjwa wa Hong Kong na Thailand walioandikwa na madaktari wao kwamba waliumia ini baada ya kutumia unga wake. Na kwa kuwa uyoga huu waweza kuifanya damu isigande upesi, fikiri mwenyewe hatari ya kumpa mama ambaye tayari anatokwa na damu nyingi.

KWA NINI WATU HUSEMA WAMEPONA?

Utasema, "Lakini jirani yangu alitumia akapona." Huenda jirani yako asema kweli kwamba amepona. Neno ni, amepona kwa nini?

Fikiri habari ya virusi vya HPV. Karibu kila mtu mzima huvipata wakati fulani, na kwa wanawake wengi mwili huviondoa wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Ukinywa uyoga katika muda huo, uyoga utapewa sifa. Ukinywa chai tu, chai ingestahili sifa ile ile.

Fikiri tena habari ya uvimbe wa kizazi ambao hospitalini huitwa faibroidi. Uvimbe huu ni wa kawaida mno. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, wafikapo miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 walio weusi wamekuwa nao. Mara nyingi si kansa, wengi hawajui hata kwamba wanao, na hedhi inapokoma hunywea wenyewe. Mama wa miaka 49 akinunua vidonge miaka miwili, kisha uvimbe ukanywea, nani atamwambia kwamba ni umri uliofanya kazi?

Mganga wa mvua afanyaye kazi mwezi wa Machi hakosi kusifiwa mwezi wa Aprili. Na wale ambao hawakupona hatuwasikii. Mwenye kupona husimulia sokoni, aliyekufa hana wa kumsimulia.

Hatari yenyewe iko hapa. Dalili ni ile ile, lakini magonjwa ni mbalimbali. Mama akitokwa na damu isiyo ya kawaida, yaweza kuwa faibroidi isiyoua. Yaweza kuwa mimba iliyoharibika. Yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huweza kuua kwa saa chache. Yaweza kuwa kansa. Vivyo hivyo muwasho na uchafu ukeni waweza kuwa kuvu ya kawaida, inayotibiwa kwa dawa ndogo ya zahanati, au ugonjwa wa zinaa unaomtaka mume naye atibiwe. Muuza unga hana mkono wa kupimia wala darubini. Yeye ana dawa moja kwa yote hayo. Je, wewe ungekubali fundi anayetengeneza kila gari kwa spana moja?

NG'OMBE NA MAMA

Sasa twataka kusema na wanaume, na wasituchukie.

Mfugaji wa Kajiado akiona ng'ombe wake ana homa na tezi zimevimba, hajui kulala. Atashuku ndigana kali, atampigia simu Bwana Mifugo siku hiyo hiyo, na akiambiwa auze mbuzi alipe sindano, atauza. Ng'ombe akitupa mimba, atauliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza, na atamtenga na wenzake. Hasemi, "Tumpe unga huu miezi mitatu kisha tutazame."

Lakini mkewe akitokwa na damu katikati ya mwezi, huambiwa avumilie. Akisema tena, hununuliwa kipakiti. Kipakiti kikiisha, hununuliwa kingine. Fedha zilizotoka kidogo kidogo zingempeleka hospitali na kumrudisha. Na hasara kubwa si ya fedha, ni ya wakati. Kansa ya mlango wa kizazi haianzi ghafula. Huchukua miaka 15 hadi 20 kukua kwa mwanamke mwenye afya, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa. Katika miaka yote hiyo, alama zake za mwanzo zaweza kuonekana na kuondolewa kwa matibabu ya dakika chache. Lakini damu inapoanza kutoka, pengine muda ule mrefu umekwisha kutumika, na kilichobaki ni miezi. Kumwambia mama apoteze miezi hiyo akinywa unga ni kumwibia kitu kisichorudishwa.

Katika Kenya, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wanawake zaidi ya 5,000 wanaopata kansa hii kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 3,000 wanaokufa. Hao ni mama wa watu, wake wa watu, wakulima kama wewe. Na karibu wote wangeweza kukingwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na tena, mficha maradhi kilio humfichua. Haya ni jambo jema katika mahali pake, lakini haya inayomfikisha mama kaburini si heshima.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Kata sehemu hii ya gazeti, uibandike penye kuonekana.

1. Damu inayotoka kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya kukutana na mume.

2. Damu yoyote kwa mama ambaye hedhi yake imekwisha koma mwaka mzima au zaidi, hata ikiwa ni tone.

3. Hedhi nzito inayomfanya mama achoke, ahisi kizunguzungu au apumue kwa shida. Huyu anapungukiwa damu. Ahitaji kupimwa, na pengine vidonge vya madini ya chuma. Nyama, maini, maharagwe na mboga za majani humsaidia. Uyoga peke yake hautamrudishia damu.

4. Uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya chini ya tumbo yasiyokwisha.

5. Hedhi iliyochelewa pamoja na maumivu makali ya upande mmoja na kizunguzungu. Huyu asingoje asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo.

6. Damu nyingi baada ya kujifungua. Huyu naye asingoje hata kidogo, wala asinyweshwe unga wowote.

YAFAAYO KUTENDA SASA

Kwanza, mpime mama kabla hajaugua. Mwanamke mwenye miaka 25 au zaidi na aulize kipimo cha mlango wa kizazi katika kituo cha afya kilicho karibu, na wa miaka 30 hadi 49 hasa asikose. Katika kaunti yetu iko hospitali ya Kitengela na hospitali kubwa ya Kajiado. Mwenye virusi vya ukimwi ana hatari mara sita kuliko mwenzake, kwa hiyo apimwe mapema na mara nyingi zaidi.

Wako watakaosema, "Mimi siwezi kuvuliwa nguo mbele ya kijana." Mama, una haki ya kuomba mwuguzi wa kike. Tena siku hizi kiko kipimo cha HPV ambacho mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, pasipo mtu kumtazama. Uliza kama kituo chako kinacho.

Pili, peleka binti apate chanjo. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mwezi wa Oktoba mwaka 2019, bila malipo katika vituo vya Serikali. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia lilisema kwamba sindano moja yatosha kumkinga msichana, na mwaka 2025 Kenya nayo ikaingia katika mpango wa sindano moja. Wewe huchanja ndama kabla ya ugonjwa kufika bomani. Binti yako ni zaidi ya ndama.

Tatu, ukiwa unatumia uyoga au dawa yoyote ya miti, mwambie daktari. Usimfiche kwa kuogopa kukemewa. Na daktari au mwuguzi anayesoma maneno haya, asimkemee mama. Mama aliyekemewa harudi, naye hurudi kwa yule muuzaji aliyempokea kwa upole. Tusiwalaumu kina mama kwa kwenda kwa wauza unga kama sisi wenyewe tumewafungia mlango kwa maneno makali, foleni ndefu na dawa zilizokwisha. Malalamiko hayo ni ya kweli, na wenye madaraka wapaswa kuyasikia.

Nne, usiokote uyoga usioujua. Baadhi ya uyoga wenye sumu hukaa tumboni saa 6 hadi 24 kabla ya kuleta kutapika na kuhara. Kisha mtu huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Kuupika hakuondoi sumu hiyo. Aliyekula na apelekwe hospitali pamoja na kipande cha uyoga wenyewe.

MAARIFA YA WAZEE YASITUPWE

Wako watakaosoma haya wakadhani kwamba twamdharau bibi ajuaye miti na uyoga. Sivyo kabisa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inautambua uganga wa jadi, na sheria ya mwaka 2016 hulinda maarifa ya jadi ili asije mtu kuyachukua na kuyauza bila wenyewe kupata haki yao. Taasisi ya KEMRI ina kituo chake cha kuchunguza dawa za asili. Basi kina mama wa vikundi, kaeni na wazee wenu, andikeni jina la kila mti na kila uyoga, sehemu itumiwayo, namna ya kuandaa, na madhara yaliyoonekana. Bibi mwenye maarifa ya kweli hutambulika kwa jambo moja. Hujua mwisho wa dawa yake, naye husema, "Hili si langu, mpelekeni hospitali." Muuza vipakiti hajui kusema hivyo.

Tena uyoga wenyewe waweza kumsaidia mama kwa njia nyingine, yaani kwa mfuko wake. Uyoga wa mamama, ule wa chaza, huoteshwa juu ya mabua ya ngano au magunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa, yakalowekwa, yakachemshwa katika pipa, yakapozwa, kisha yakachanganywa na mbegu na kutiwa katika mifuko. Mifuko hukaa gizani majuma matatu hivi hadi ienee weupe, kisha hupewa hewa, mwanga kidogo na unyevu. Hautaki ardhi kubwa, jambo lifaalo penye viwanja vidogo vya Kitengela. Lakini wataka maji safi kila siku, kwa hiyo hesabu tangi lako kwanza. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja hufundisha kazi hii. Ukila uyoga wako mwenyewe, umepata mboga njema. Ukiuza, umepata nauli ya kwenda kupimwa na karo ya binti.

Basi ndugu zetu wa skimu, uyoga na uwe sufurianina sokoni, na mama mwenye damu isiyo ya kawaida awe mbele ya daktari. Mzee wa boma, jioni hii mwulize mkeo kama ana dalili yoyote katika zile sita, nawe umsikilize bila kucheka wala kukasirika. Akisema anayo, kesho ng'ombe wakamwe na mtu mwingine, nawe umpeleke.